Mlango wa Kushoto

Niliikuta Ganda, uani kwa marehemu Mwaringa,
kuku ametaga kwenye kiti cha dereva,
matairi yamezama mchangani hadi kwenye nati,
na mche wa mkwaju umechipua palipokuwa betri.
Pijo nne-sufuri-nne, KMQ mia mbili kumi na tisa.
"Kibaya chajitembeza," mke wangu alisema.
Hii haitembei hata hatua, nikamjibu,
basi si mbaya.

Tuliivuta kwa trekta la kukodi hadi Maweni.
Kuku alikataa kushuka. Tukaja naye.

Miaka minne ya Jumamosi.
Siku nyingine mimi ni mtu wa maji,
nasoma mita, naandika madeni ya watu.
Jumamosi navaa suruali yenye ramani ya grisi,
naingia chini yake chali, kimya,
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani.

Malindi, ewe usiyejua, chuma hakizeeki:
kinaliwa.
Chumvi huja na upepo, hulala juu ya rangi
kama mgeni mwenye adabu;
ukiamka, kumbe kahamia ndani.
Niligusa kizingiti kwa bisibisi,
ikazama hadi kwenye mpini.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya gari ni rangi yake.

Kahindi, fundi wa bodi, hugonga kwanza kwa kucha
kama daktari kifuani:
"Hapa pazima. Hapa panadanganya. Hapa pamekwisha."
Palipokwisha tulikata.
Tukapima bati kwa gazeti, tukachomea,
tukasugua kwa msasa namba themanini,
kisha mia mbili, kisha mia nne na maji,
mpaka kiganja kipite kisikwame.
Jicho huhongwa na mng'aro.
Kiganja hakihongeki.

Kabureta ilitoka Mombasa ndani ya mkebe wa biskuti.
Gasketi niliikata mwenyewe kwa wembe.
Kitasa cha buti nilikifuata Mambrui mara tatu:
Bi Nyevu amekitia kwenye kabati la vyombo,
na pesa hataki. Ataka kitasa kingine,
"kiwe kizuri kuliko hiki."
Hakuna kizuri kuliko hicho.
Nikampelekea cha shaba, kipya,
tukaagana kila mmoja akiamini kamzidi mwenzake.

Mwezi tuliopanga kupaka rangi
Dama, mjane wa Mwaringa, akaja kutazama.
Aliizunguka bila neno. Akafika mlango wa kushoto,
ambao Kahindi ameshauinulia nyundo,
kwenye lile bonyeo lenye ukubwa wa bakuli.
Akageuka, akaegemeza nyonga humo.
Ikakaa,
kama kikombe kwenye kisahani.

"Alikuwa akinifundisha kuendesha," akasema.
"Nikagonga mnazi. Alicheka mpaka akakaa chini.
Kila mwaka akiahidi kuunyoosha."

Kahindi akanitazama. Nami nikaitazama nyundo.
Tukapaka rangi juu ya bonyeo vilevile,
mikono mitatu, na vanishi,
na hakuna sehemu ya gari lile inayong'aa
kama pale tuliposhindwa kwa hiari.

Siku ya kuwasha ilikohoa, ikanyamaza.
Kahindi akaziba koo la kabureta kwa kiganja.
"Tena."
Moshi wa buluu, mlio wa bati, halafu
sauti ile, nzito, yenye kigugumizi kidogo,
na kuku akaruka ukuta wa jirani
asirudi hadi magharibi.
Tulifika darajani Sabaki tukageuza.
Dama alikaa mbele, mkoba mapajani,
akinikemea kila nilipobadilisha gia.

Jumatatu, nikienda kwenye mita zangu,
nikaona karibu na taa ya kulia
doa la kahawia, dogo kama punje ya mtama.
Nikalamba kidole, nikalifuta.
Halikufutika.

Si kitu.
Jumamosi si mbali.