Ya Kwanza au ya Pili

Barua iliingia Jumanne, saa tatu na dakika kumi,
nikiwa nyuma ya duka nakaza skrubu ya miwani
ya mkulima aliyeikalia ndani ya trekta.
"Tunayo furaha," ilianza.
Niliisoma hapo hapo, nikairudia,
nikaikaza skrubu hadi kichwa chake kikakatika.

Chicago wananitaka.
Wanataka na kishika uchumba: dola elfu moja,
dola za kwao, si hizi zetu za Kanada,
kabla ya saa sita usiku, Ijumaa.
Nikighairi, hazirudi.

Waterloo, niliowaposa kwanza,
walinijibu tangu mwezi wa pili, kwa sentensi tatu.
Ya mwisho ilisema niko huru kuomba tena.
Huru.
Nililitafuna neno hilo
huku nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Usiku baba alitafuta karatasi, akakosa,
akachukua bahasha ya mbegu za alizeti,
akaandika mgongoni mwake:
ada, chumba, bei ya dola, mara nne.
Bohdan Hnatiuk si mtu wa maneno.
Alipiga mstari chini ya jumla, polepole,
kama anapima shamba la mtu mwingine,
kisha akauliza kama chai imebaki.

Moja shika, walisema wahenga, si kumi nenda uje.
Hawakusema itakuwaje moja hiyo ikiwa na riba
inayozaa hata usiku wa Krismasi.

Basi ningoje?
Nirudie mtihani, fizikia ile ile,
prizimu zile zile zinazopinda mwanga na kunipinda nami,
mwaka mwingine wa kuwauzia watu fremu
na kuwaambia zimewapendeza,
nifikishe ishirini na saba nikiwa msaidizi,
wakati dada yangu Darka anatafuta jina la mtoto wa tatu?
Na vijana wapya watakuja na alama mpya,
wapige foleni mbele ya viti vile vile vichache.

Nikiri jambo ambalo sijamwambia baba:
deni silihofii sana.
Nahofia kukataliwa mara ya pili,
kwa sababu safari hiyo sitakuwa na fizikia ya kuisingizia.

Alhamisi alikuja dereva wa lori, Garnet Pruden,
leseni yake inakwisha, jasho shingoni,
akijibu kama mtu aliye mahakamani.
Daktari Pettigrew aligeuza lenzi. Klik.
"Ya kwanza, au ya pili?"
Ya pili.
Klik. "Na sasa? Ya kwanza, au ya pili?"
Ya kwanza. Hapana. Ya kwanza.
Klik.
Akanyamaza. Niliyasikia mapafu yake.
"Zinafanana," alisema, kama anakiri wizi.
"Vizuri sana," daktari akamwambia.
"Zikifanana, ndipo tumefika."

Nilisimama na faili lake kifuani.
Miaka minne nimelisikia duka hili likisema hivyo,
na sikuwahi kudhani linasema na mimi.

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini.
Moose Jaw imelala. Kwenye ghala la nafaka
taa moja nyekundu inawaka.
Niliziba jicho la kulia, nikaitazama.
Niliziba la kushoto, nikaitazama.
Ilihama kidogo, kama inavyohama kila kitu,
lakini ilikuwa taa ile ile.

Nikaandika namba za kadi.
Zikakataliwa.
Nikaandika tena. Zikakataliwa.
Moyo ukanidunda, nikawaza, haya, hilo ndilo jibu,
mbingu zimenionea huruma.
Kumbe nilisoma tatu mahali penye nane.

Nilicheka peke yangu jikoni, mkono mdomoni,
nisimwamshe baba.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la shati
(jambo ninalowakataza wateja kila siku),
nikaivaa.
Saa tano na dakika hamsini na moja.
Nikaanza upya, tarakimu moja moja,
kidole juu ya kadi.