Kupalia Moto

Kila mwezi nilimpaka baba rangi ya nywele,
pakiti ya shilingi hamsini kutoka Malindi mjini,
kwa mswaki mkuukuu, mvi moja moja,
maana huku Ganda mvi ni ushahidi.
Mwezi ule mvua ilikata barabara, sikwenda mjini.
Mvi zikachomoza juu ya masikio,
na Ngumbao, mwana wa ndugu yake,
aliyelipigia hesabu shamba la mikorosho
kabla babu hajapoa kaburini,
akawaambia vijana wenzake: Mnaona?

Sitausimulia usiku wenyewe.
Makuti huwaka upesi, basi.

Jumapili ya tatu Mwinjilisti Tsofwa alihubiri kisasi.
Alisema deni la damu lina mdai wake
naye hatafuti vibarua.
Alisema kumlisha adui
ni kumpalia makaa utosini.
Watu wakaitika amina.
Mimi nilisikia neno moja tu, makaa,
nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikadhani nimefundishwa njia ya kuchoma.

Chini ya kitanda nilikuwa na chupa ya sharubati
yenye nusu lita ya petroli.
Kijana wa bodaboda, pale njia panda ya Msabaha,
nilimwambia ni ya jenereta.
Nyumbani hatuna hata tochi.
Usiku nilihesabu hatua, mlango wangu hadi wake:
mia mbili na kumi na nne,
ukikatiza kwenye mbaazi.

Kesi iliahirishwa mara tatu.
Faili halionekani. Shahidi kasafiri. Hakimu yuko likizo.
Ngumbao akatoka kwa dhamana
akipiga mluzi njia nzima.

Ndipo Alhamisi moja, mvua siku ya nne,
mkewe, Kahaso, akasimama mlangoni pangu,
kigae mkononi, mtoto mgongoni
akikohoa kama bawaba yenye kutu.
Hakunitazama.
"Kiberiti kimelowa," alisema. "Nimekuja kupalia moto."

Kupalia. Neno lile lile.

Niliuwaza moto uliotoka kwao kuja kwetu
bila ya mtu kuuomba.
Niliiwaza chupa.
Mtoto akakohoa tena.

Nikachutama mekoni, nikachagua makaa mazito,
yasiyozimika njiani,
matatu, kisha la nne,
nikayalaza katika majivu,
nikakata jani la mgomba la kuyafunika.
Sikusamehe pale. Nisiseme uongo.
Mikono ilitangulia,
moyo ukabaki nyuma unatafuta viatu.

Nikamwambia: "Jumanne nakwenda kortini.
Nitasema yote niliyoyaona,
na jina la mumeo nitalitaja lote, hadi la babu yake."
Akasema, "Najua."
Kisha, "Mtoto hajala tangu jana."

Akakunja kanga ikawa kata,
akajitwika kigae
ili mkono mmoja umshike mtoto, mwingine jani,
akashika njia ya kwenye mbaazi.
Moshi ulimpanda kutoka kichwani,
mwembamba, mweupe, ndani ya mvua,
nami nikasimama nikiutazama
hadi hatua ya mia mbili na kumi na nne.
Makaa kichwani, kumbe, ni mtu
anayekimbiza uji kwa mwanawe.

Petroli nilimrudishia yule kijana.
Akainusa, akauliza, jenereta imekufa?
Nikasema ndiyo.

Jumamosi nimekuta kigae kizingitini.
Chombo hakirudishwi kitupu, hata chombo kilichovunjika:
ndani mlikuwa na ndimu mbili.
Sijui ni shukrani, sijui ni kuniomba
nilimung'unye lile jina Jumanne.
Sitalimung'unya.
Ndimu ziko dirishani,
moja imeanza kuwa njano.
Sijazikamua. Sijazitupa.