Usianzie Albamu ya Kwanza

Vua viatu, Venni. Koleo liache nje.
Siku mbili ulikuwa mgeni, ya tatu ukanizolea theluji,
leo ya nne unaniuliza habari za Tervahauta.
Haya. Kaa karibu na jiko, si karibu na spika;
ile ya kushoto hupiga chafya.

Jina kwanza. Tervahauta ni shimo la kuchomea lami,
walimochoma misonobari babu zetu wa Kainuu
wiki nzima, polepole,
mpaka mti utoe jasho jeusi.
Ndani ya neno hilo limo pia kaburi.
Ukishalielewa jasho, kaburi litajieleza.

Sasa, usianzie albamu ya kwanza.
Watakwambia uanzie hapo kwa sababu ya jalada:
malaika wa jiwe, ubawa mmoja umevunjika.
Ile ni kazi ya vijana wanne waliomwogopa jirani.
Sauti iko mbali, kama mtu anayefoka ndani ya gunia.
Na aliyeshika vitufe ni mimi,
kwa hiyo lawama nigawie.

Anzia ya tatu. Upande wa pili, wimbo wa pili.
Gitaa litakuja taratibu, zito,
kama ng'ombe anayetolewa zizini baada ya miezi saba
asiyejua kama nyasi bado zipo.
Usitafute mdundo kwa mguu, mguu utakudanganya.
Utafute hapa,
chini ya mbavu.

Kisha ngurumo. Cheka tu, kila mtu hucheka mara ya kwanza,
mimi nilicheka mpaka nikamwaga kahawa.
Huyo ni Oiva Hyttinen, fundi wa madirisha,
mtu ambaye hata mbwa wake alimwita kwa mnong'ono.
Ngurumo aliitunza kwa ajili ya maikrofoni,
kama watu wanavyotunza vikombe vya wageni.
Maneno hutayashika. Soma karatasi iliyo ndani ya jalada.
Umeona? Anaomba radhi.
Wimbo mzima, dakika tisa, anaomba radhi.

Anayemjibu ni Marketta.
Sauti nyembamba, haina pambo wala tetemeko,
uzi unaopita kwenye tundu la sindano bila kulowanishwa.
Wajuaji husema huyu malaika, yule jini.
Uongo. Ni mke na mume wanabishana
nani aliacha jiko likazimika.
Walikuwa mke na mume kweli,
mpaka albamu ya nne.

Ya nne usiiguse kabla hujapoteza kitu.
Sisemi mtu. Hata baiskeli inatosha.

Ya tano ina vinanda vingi mno, imejaa sukari; ruka.
Ruka mpaka wimbo wa mwisho.
Tuliurekodi kwenye ghala la viazi lililochimbwa kilimani,
Februari, baridi ya kupasua chupa,
Marketta kavaa koti la Oiva ingawa hawakusemezana.
Ukiisha, usinyanyue sindano.
Kuna kimya. Kinakaa dakika moja na nusu.
Halafu mlango wa jiko, ule wa chuma,
kuni mbili zinatupwa ndani,
na kikohozi.

Sikukusudia. Nilisahau kuzima mashine.
Wenzangu walisema kata, nikakata,
usiku nikarudi peke yangu nikakirudisha.
Jina la kikohozi kile daktari alilitaja mwezi wa tano.
Mwezi wa tisa madirisha ya kanisa letu
yakabaki bila fundi.

Watu huandika kwamba huo ni muziki wa giza.
Mimi nasikia mtu anaongeza kuni
ili wenzake wasipate baridi.

Umenyamaza. Vizuri, au umechoka?
Chukua ya tatu. Alhamisi uirudishe,
na vumbi usilifute kwa mkono wa shati.
Ya tano siazimi.
Ukitaka kuisikia, njoo hapa, theluji haiishi.