Ya Risasi Moja

Tshiswaka alizipanga nne juu ya turubai
kama wanawake wa soko la Kenya wapangavyo samaki wakavu,
mikia huku, vichwa kule,
akasema, Mama Mujinga, chagua.

Mwenye kulicheka jina langu acheke sasa, tumalizane.
Kwetu Mujinga ni mtoto aliyezaliwa
kitovu kimemzunguka shingo.
Tangu siku hiyo sipendi vitu vya haraka.

Ya kwanza nilikuja nayo mwenyewe, ya marehemu mume wangu,
bunduki ya nyati, urithi usioombwa.
Niliipiga mara moja tu, mwaka juzi,
papa hapa, njia ya Kipushi,
ikanitia teke kama punda aliyedhulumiwa.
Wiki nzima nilisonga bukari kwa mkono wa kushoto,
bega limegeuka jiwe la malakiti:
kijani, zambarau, kisha njano ya kuaga.
Na shabaha? Sikuiona. Nilifumba macho kabla ya mlio.
Mwili ukishapigwa
huanza kukwepa mapema.

Ya pili nyepesi, maridadi, ya kupigia picha.
Tshiswaka mwenyewe alikiri, akikuna kidevu:
wepesi wa bunduki hulipwa na bega.
Uzito ndio unaolinywa teke njiani.

Ya tatu inameza kumi.
Nikamwambia, funika hiyo.
Miaka thelathini na moja pale Sendwe, wodi ya upasuaji,
nimeosha kazi za hizo kumi.
Nimehesabu vyuma kwenye sinia, ting, ting,
nikaviandika daftarini kama mtunza duka.
Hakuuliza zaidi. Akavuta pembe ya turubai.

Kwa nini basi nije? Binti yangu Kapinga aliniuliza hivyo,
mkono kiunoni, mlangoni.
Nilisema, kuna watu wanafuma vitambaa.
Nilisema, daktari wa macho ameniambia nitazame mbali.
Ukweli ni kwamba nilitaka, mara moja kabla sijafa,
kitu hicho kitoboe karatasi,
na karatasi isiite mama.

Ya nne.
Ndogo, ishirini na mbili,
mbao zake zimekwaruzwa na mtu aliyevaa pete,
mtutu mzito mbele kama mimba ya miezi saba.
Hukunjuka katikati, unatia moja, unafunga: klak.
Hakuna ya pili inayosubiri nyuma.
Ukikosa, umekosa; itabidi ufungue,
utoe ganda, ufikirie ulichofanya.
Kitako kilinizidi. Tshiswaka akanipima mkono kwa utepe
kama fundi wa vitenge,
akakata vidole viwili vya mbao,
na unga wake ukanuka mulombwa, ukanuka kitanda kipya.

Nikalala kwenye mkeka. Mita hamsini,
karatasi imebandikwa mbele ya kichuguu
kirefu kuliko nyumba ya padri,
udongo mwekundu uliomeza risasi za miaka
na haujamshtaki mtu.
Pumua. Nusu pumzi, ishike.
Pa.
Kama mtu anayevunja karanga chumba cha pili.

Bega langu likangoja teke.
Likangoja.
Ilikuja harufu tu, na kunguru mmoja aliyeudhika.
Nilicheka mpaka Tshiswaka akaja mbio
kutazama kama nimeumia.

Tundu lilikuwa chini, kushoto, mbali kabisa na kati,
duara safi, halitoki kitu.
Nililitazama kwa muda mrefu,
mkono wa kulia ukitafuta pamba mfukoni.
Halafu nikaikunjua, nikatoa ganda, lina joto kidogo,
nikalitia huko huko mfukoni.

Lete nyingine, nikasema.
Akanyoosha pakiti nzima.
Hapana, Tshiswaka. Moja.