Kidato cha Nne

Dalali hakutaka niwepo.
"Mwenye nyumba akiwepo," Henning alisema,
"watu hutazama kwa adabu, na adabu hainunui."
Akaleta malimau kumi na mawili,
akayapanga kwenye bakuli langu la kukandia unga
kana kwamba Trondheim tunaishi kwa malimau.
Picha zetu akazitia sandukuni.
Dawa zangu akazificha nyuma ya taulo.

Nikaenda ng'ambo, jikoni kwa Oddvar,
nikakaa dirishani na kahawa iliyopoa.
Saa saba wakaanza kufika.
Yule mwenye koti la kijani namjua:
ana nyumba yake, kaimaliza kulipia, haendi popote.
Miaka ishirini tumesalimiana kwa kope tu,
leo kapata ruhusa ya kuhesabu vyumba vyangu.
Macho hayana pazia,
na yangu niliyashusha Alhamisi, kwa amri:
mwanga, mama, mwanga ndio unaouza.

"Unajiumiza bure," akasema Oddvar.
Nikaazima kofia ya marehemu mkewe.
Nikavuka.

Mlangoni, kikapu cha vifuko vya buluu vya kuvalia viatu.
Nikavaa. Kwenye orodha nikaandika Gunvor Aasen,
mwalimu wangu wa hesabu, ambaye hakunipenda.

Ndani walinong'ona kama watu waliofika matanga,
na si uongo, matanga yalikuwepo, mwezi wa kumi.
Mmoja alifungua friji.
Mwingine aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio kama daktari kifuani,
"Huu utaondoka," akamwambia mkewe,
na ukuta, ambao kwa kuuegemea nilinyonyesha wawili,
haukujitetea.
Bibi mmoja alinusa kabati. Akanusa tena.
"Humu kaishi mzee."
Nikanusa kola yangu.

Sikuwachukia.
Mimi na Sverre pia, Jumapili zetu ngapi,
tulizunguka nyumba za watu tukijifanya tuna pesa,
tukivuta droo, tukiuliza habari za paa,
tukarudi kwetu tumefurahi kabisa
kwamba wenye jiko la marumaru
nao wana ukungu bafuni.

Kisha ngazi. Nilipanda bila kuwaza:
kimoja, viwili, vitatu,
mguu ukaruka cha nne, ukatua cha tano.
Kidato cha nne kinalia. Sverre aliahidi kukitengeneza
Jumamosi. Tulikaa humu Jumamosi elfu moja na mia sita.
Wanetu wote wawili walifeli hapo:
hakuna aliyerudi usiku wa manane
kidato cha nne kisitangaze matokeo.

"Kwa nini umeruka?"
Nyuma yangu, msichana wa miaka saba hivi, pengo mbele.
"Goti," nikasema.
Akatazama goti. Akatazama ubao. Akakikanyaga.
Kikalia.
Akanikazia macho mimi, si ngazi.
Watoto hawakuombi hati ya nyumba.

"Tiril, acha!" mama yake akasema.
Akakikanyaga tena, na tena,
mpaka waliokuwa chini wakainua nyuso,
na Henning akaja mbio na tabasamu:
jambo dogo hilo, fundi wa saa moja tu.

Saa moja.

Sikufika juu.
Nilipita jikoni nikachukua limau moja
(bakuli ni langu, limau sijui)
nikatoka.

Oddvar alifungua mlango, akanitazama miguu.
Nilikuwa nimevuka theluji yote
na vile vifuko vya buluu.
"Vipi, utanunua?"
Nikakaa palepale dirishani.
Limau lilikuwa bado baridi mkononi.
Ng'ambo, kwenye kioo cha ngazini,
kichwa kidogo kilikuwa kikichomoza, kikizama,
kikichomoza.