Bogna na Nyuzi Nne

Chini ya jukwaa, Lublin, ndani ya shimo la wanamuziki
ambamo mchezo hatuuoni, twaona soli za viatu tu,
Bogna Wilczek hukaa mbele yangu,
na ala zake nne zimesimama kwenye vigingi
kama watoto waliopangwa foleni ya chanjo:
filimbi, klarineti, zumari, saksafoni.
(Saksafoni ni ya shaba, lakini ukoo wake ni mti. Usiniulize.)

Mshika mawili, wamesema, moja humponyoka.
Hawakumwona huyu mwezi wa Januari,
kashika manne, na penseli katikati ya meno.

Mimi ni tarumbeta. Ya pili. Kazi yangu ni kungoja.
Nahesabu mapigo themanini na manane ya kimya,
na humo kwenye kungoja ndimo nilimojifunza kumtazama:
klarineti inavyoshuka magotini kabla sauti yake haijafa,
mkono wa kushoto ulivyokwisha kufika kwenye filimbi.

Halafu mdomo. Mdomo ndio kazi.
Klarineti hutaka kidevu kilichonyooshwa kama shuka la hospitali.
Zumari hutaka midomo ikunjwe ndani,
kama ya mtu aliyekaribia kutaja jina asilotakiwa kulitaja.
Saksafoni haina makuu, hunywa chochote.
Na filimbi, upulize pembeni, polepole,
kana kwamba wapoza uji wa mtoto wa jirani.
Ana mapigo sita ya kuwa mtu mwingine.
Nimeyahesabu. Ni sita.

Ndimi zake za tete huloweka katika kikombe cha yai.

Klarineti aliirithi kwa baba, bendi ya zimamoto.
Filimbi, mshahara wa kwanza.
Saksafoni ilikuja na mume; mume akaenda, saksafoni ikabaki.
Zumari aliianza ana miaka arobaini na sita,
akakaa sebuleni akilia kama bata aliyebanwa na mlango,
yeye, ambaye mwanafunzi wake alikuwa tayari anapiga Vienna!
"Nilikuwa nimesahau," aliniambia, "ladha ya kutojua."
Nikadhani anasema tete. Alikuwa anailamba.

Februari, barafu ikamwangusha mbele ya duka la mikate.
Jino la juu, la mbele, lile ambalo klarineti huliegemea.
Na mdomo ukashonwa nyuzi nne.
Hata filimbi ilimkana,
ikatoa upepo mtupu, kama wa chini ya mlango.

Kiti chake kilijazwa na watu watatu.
Walipiga vizuri. Waligombana viwiko.

Jumapili nikampelekea supu ya bitiruti ndani ya chupa ya chai.
Nikiwa bado ngazini, ghorofa ya pili, nikasikia kitu:
si mpulizo, ni mkwaruzo,
mtu anasogeza kabati usiku asitake kuamsha nyumba.
Nikasukuma mlango.
Selo. Ya kukodi, ina kibandiko cha bei shingoni.
Ameibana kwa magoti, midomo kaifumba,
nyuzi nne mdomoni, nyuzi nne mapajani,
na uso wa mtoto aliyefumaniwa na kopo la sukari.

Akanionyesha kiti kwa upinde. Nikakaa.
Noti ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa kidogo.
Ya tatu, tumsamehe.
Ya nne ilikuwa chini, chini kabisa, inaumwa,
nami, miaka thelathini kwenye shimo, nikashindwa kujizuia,
nikamwimbia ile iliyo sahihi.
Akatikisa kichwa. Hakuitaka yangu.
Kidole kikapanda kwenye ule uti usio na alama,
kikapita, kikarudi,
kama mtu apapasaye swichi katika chumba cha ugenini.

Supu ilikuwa inapoa.
Akachukua penseli, ileile yenye alama za meno,
akaandika kwenye bahasha ya bili ya umeme:
*Ngoja.*
Nikamwambia, Bogna, mbona hiyo ndiyo kazi yangu.