Maji ya Mesa

Tulinunua nyumba, bwawa likaja nayo kama shemeji.
Hapa Mesa, Arizona, saa mbili asubuhi
jua limeshakasirika.
Nachovya kijikaratasi, nangoja, nalinganisha rangi
kama mteja mbishi wa vitenge:
klorini imepungua, jua limeinywa tena.
Kwenye kapu la kichujio, chini ya majani,
nge mmoja, mkia bado umejikunja.
Nasugua kuta. Ukoga wa kijani hauna adabu,
ukiugeuzia kisogo umeshahamia.

“Huogi humo, wasugua ya nini?” huuliza Zuena.
Simjibu.

Jioni Shemsa anajirusha, maji yanamfunika kichwa,
nami ukingoni, nisiyejua hata kuelea,
nahesabu vidole vyake vya miguu kule chini:
vitano,
kumi.